Tairi nalo ni dawa: lina matumizi yake na tarehe yake ya mwisho

Mwezi Juni unapoingia, mkazi wa Ramadhani, mjini Njombe, hahitaji kutazama kalenda. Alfajiri majani ya viazi yaliyo mabondeni huamka yamevikwa sakitu, ile barafu nyembamba nyeupe ambayo jua likipanda huiyeyusha na kuyaacha majani yameungua kana kwamba yamepitiwa na moto. Ukungu hutanda juu ya mashamba ya chai na misitu ya kupandwa, na barabara ya lami iendayo Makambako, mwendo wa kilomita zipatazo 60, hung'aa kwa unyevu hadi asubuhi kukucha. Miezi michache baadaye sakitu huondoka na mvua hushika zamu. Hapo tena lami haikauki, na barabara za udongo za Lupembe na Ludewa hugeuka kuwa uji mwekundu.

Katika usiku wa namna hiyo simu hulia kwenye kituo cha afya. Mama amejifungua, damu haikatiki, na lazima afikishwe hospitali kubwa. Maswali yanayoulizwa kabla ya gari la wagonjwa kuondoka yanajulikana. Mafuta yapo? Dereva yuko wapi? Muuguzi gani anaambatana na mgonjwa? Mtungi wa oksijeni umejaa? Barua ya rufaa imeandikwa? Ni maswali mazuri, na kila moja limezaliwa na msiba uliowahi kutokea mahali fulani. Lakini liko swali moja ambalo kwa kawaida haliulizwi na mganga, wala muuguzi, wala ndugu wa mgonjwa: matairi ya gari hili yako katika hali gani?

Swali hilo huachwa kwa sababu tairi huhesabiwa kuwa jambo la gereji. Huo ni mgawanyo wa kazi wenye madhara. Tairi ni jambo la afya kama ilivyo chanjo, na pahali pa kwanza pa kulithibitisha hilo si barabarani kwa askari wa usalama bali ni katika ua wa hospitali yenyewe.

Inafaa kukumbuka kwamba tairi la upepo lililoenea duniani lilitokana na mikono ya mtu wa tiba. John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, alitengeneza tairi la mpira lenye upepo kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu, na mwaka 1888 akalisajili kama uvumbuzi wake. Kusudi lake lilikuwa safari laini. Tangu siku hizo kazi ya tairi imekua mno. Injini ya gari inaweza kuwa na nguvu za farasi mia mbili na breki zake zikawa mpya kabisa, lakini kinachogusa ardhi ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa na ukubwa unaokaribia kiganja cha mkono. Breki husimamisha gurudumu tu. Tairi ndilo linalosimamisha gari. Usukani nao huligeuza gurudumu, lakini gari hukata kona kwa sababu tairi limeishika barabara. Dereva bingwa aliyepewa matairi yaliyokwisha ni sawa na daktari bingwa wa upasuaji aliyepewa kisu butu.

Mifereji inayochongwa kiwandani kwenye uso wa tairi, baina ya vile vipande vilivyoinuka ambavyo mafundi huviita kashata, si pambo. Kazi yake ni kuyapitisha maji yatoke chini ya tairi ili mpira uiguse lami. Mifereji ikiisha, maji hukosa njia. Kwa mwendo mkubwa hujikusanya mbele ya gurudumu, kisha hulinyanyua, na gari likawa linateleza juu ya utando wa maji kama mtumbwi. Wakati huo usukani huwa mwepesi ghafla na breki hazijibu. Dereva hajafanya kosa jipya katika sekunde ile. Kosa lilifanyika miezi kadhaa nyuma, siku ambayo tairi lilistahili kubadilishwa na halikubadilishwa.

Nchi zenye theluji zilijifunza somo hili mapema, kwa kuwa theluji haimpi mtu nafasi ya kujidanganya. Mwaka 1934 kiwanda kimoja nchini Finland kilitengeneza tairi la kwanza la majira ya baridi kwa ajili ya malori, na miaka miwili baadaye likafuata la magari madogo. Wahandisi waligundua mambo mawili. La kwanza ni kwamba theluji huhitaji uso wa tairi wenye kingo nyingi za kuuma. La pili ni kwamba mpira wa kawaida hukakamaa baridi inapozidi. Hata leo kanuni inayotajwa sana huko ni kwamba joto likishuka chini ya takribani nyuzi 7 za Selsiasi, mpira wa tairi la kiangazi huanza kupoteza ulaini wake, na pamoja na ulaini hupotea mshiko. Ndiyo maana tairi la baridi hutengenezwa kwa mpira laini zaidi, wenye mikato mingi midogo.

Elimu hiyo haikuachwa iwe hiari ya kila mtu. Jimbo la Quebec nchini Kanada liliyafanya matairi ya baridi kuwa lazima kuanzia mwaka 2008. Ujerumani ilikaza sheria yake mwaka 2010, ikaagiza kwamba barabara ikiwa na theluji au barafu, gari lisiende bila matairi yanayofaa. Austria inadai kina cha mifereji kisichopungua milimita 4 kwa tairi la aina hiyo, ilhali kiwango cha chini cha kawaida katika nchi za Umoja wa Ulaya ni milimita 1.6. Mtanzania aliyehamia nchi za namna hiyo kwa masomo au kazi hujifunza desturi hii katika mwaka wake wa kwanza: majira yakibadilika, matairi hubadilishwa, kama vile mtu anavyobadilisha mavazi.

Njombe haina theluji ya kufunika barabara. Somo la nchi hizo, hata hivyo, halihusu theluji pekee. Linahusu kulilinganisha tairi na mahali linapokwenda, na kuufanya ulinganisho huo kuwa wajibu badala ya bahati. Kwa kipimo hicho, nyanda za juu kusini zinastahili umakini uleule. Tope la Ludewa halina huruma kuliko theluji, na madereva wa huko wanalijua hilo. Masika yakichachamaa, hufunga cheni kwenye matairi ya magari yao, mbinu ileile inayotumiwa na watu wa milima yenye barafu. Tena liko jambo ambalo dereva wa Finland hakutani nalo katika siku moja. Gari linaloondoka Njombe alfajiri, abiria wakiwa wamejifunika makoti mazito, hupita Makambako, hushika barabara kuu itokayo Zambia kuelekea Dar es Salaam, hupita Mafinga na Iringa, huteremka Kitonga, na kufikia adhuhuri liko Ruaha Mbuyuni ambako watu wanatafuta kivuli. Tairi lilelile limetoka kwenye lami baridi yenye unyevu likaingia kwenye lami inayochemka, huku limebeba mbao, viazi, parachichi au abiria sitini.

Safari hiyo ndiyo inayofichua kila udhaifu. Tairi lenye upepo pungufu hupinda na kujikunja kila linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto ndani ya mpira. Joto likichanganyika na mzigo na jua la bondeni, tabaka za tairi huachana na tairi hupasuka. Watu husema, "Tairi limepasuka kwa bahati mbaya." Mara nyingi bahati haikuwamo. Kulikuwamo upepo ambao haukupimwa asubuhi, tairi likiwa bado la baridi, wakati ambao kipimo husema kweli.

Na hapa theluji inaingia Njombe kwa mlango ambao wengi hawautazami. Magari mengi ya Tanzania huja yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, nchi ambayo mikoa yake ya kaskazini hupata theluji nyingi. Baadhi ya magari hayo huletwa na matairi yake ya baridi, na matairi yaliyotumika huuzwa pia peke yake kwa bei ya chini. Mnunuzi anayeyaona hupendezwa: kashata ni nene, mifereji ni mirefu, mpira ni laini mkononi. Hudhani amepata hazina. Kumbe amenunua tairi lililotungwa kwa ajili ya barafu. Kwenye lami yenye joto mpira huo laini huliwa upesi, hulegea kwenye kona, na huhitaji umbali mrefu zaidi ili gari lisimame kuliko tairi la kawaida lililo zima. Tairi hilo si baya; limeagizwa kwa mgonjwa mwingine. Dawa iliyomponya jirani inaweza kumdhuru mtu aliyepewa bila kupimwa, na tairi liko hivyohivyo.

Tairi la theluji linaweza kutambuliwa ubavuni mwake: huwa na mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, au herufi M na S, ijapokuwa herufi hizo huonekana pia kwenye baadhi ya matairi ya majira yote. Ubavuni huko ipo pia alama nyingine ambayo kila mhudumu wa afya angeipenda kama angeijua, kwa kuwa ni tarehe. Baada ya herufi DOT hufuata mfululizo wa alama unaoishia na tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma la mwaka, na mbili za mwisho ni mwaka wenyewe. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Hukauka, hupasuka nyufa ndogo, hupoteza mshiko. Watengenezaji kadhaa wakubwa hushauri kwamba tairi lisivuke miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama kashata zake zinaonekana nzima, na kwamba likifikisha miaka mitano katika matumizi likaguliwe na fundi kila mwaka. Tairi la mtumba lenye sura nzuri linaweza kuwa mzee aliyepakwa rangi nyeusi. Baya zaidi ni lile la kuchongwa, yaani tairi kipara ambalo mtu amelikata mifereji mipya kwa kisu cha moto, akaukaribia mpaka uzi wa ndani unaolishikilia.

Katika duka la dawa la hospitali yoyote, chupa iliyopitwa na tarehe huondolewa rafuni, huandikwa, na huteketezwa. Hakuna mfamasia anayesema, "Itumike tu, rangi yake bado nzuri." Friji ya chanjo hupimwa joto mara mbili kwa siku na vipimo huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Lakini gari linaloibeba chanjo hiyo kwenda zahanati ya mbali, na linalombeba mgonjwa kurudi, laweza kwenda kwa matairi ambayo hakuna anayejua yalitengenezwa mwaka gani. Utaratibu unaoilinda chupa haujamfikia mtu.

Ipo hoja nzito dhidi ya msimamo huu, nayo haipaswi kupuuzwa. Mganga mfawidhi wa kituo cha pembezoni ataeleza kwamba gari ni moja, fedha hazitoshi, na usiku ambao mama anavuja damu si usiku wa kuhesabu milimita za mpira. Akilizuia gari, mama atafia kitandani. Akiliruhusu, huenda wote wakafika salama, kama walivyofika mara nyingi. Kwa usiku ule, hoja yake haina jibu. Hakuna mtu mwenye utu atakayemlaumu kwa kuliruhusu gari liondoke.

Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutosubiri usiku ule. Uamuzi wa tairi hufanywa mchana, miezi mingi kabla, katika kikao cha bajeti, pale ambapo mafuta hutengewa fungu na matairi huambiwa yasubiri. Kituo kisichonunua matairi kwa wakati hakijaokoa fedha. Kimelihamisha deni kutoka kwenye vitabu vyake na kulipakia mgongoni mwa dereva, muuguzi na mgonjwa wa usiku mmoja usiojulikana. Yule mama hakushirikishwa katika deni hilo, na yeye ndiye atakayelilipa.

Hoja ya umaskini hutolewa pia na wenye mabasi madogo, malori na bodaboda. Tairi jipya ni ghali, na mtumba ni nafuu. Ni kweli. Hata hivyo hesabu huwa haijakamilika mpaka iwekwe na gharama ya upande wa pili. Mtu aliyevunjika mfupa wa paja anaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya damu ndani ya mguu kabla hajafika popote. Akinusurika, hukaa majuma mengi bila kufanya kazi, ndugu mmoja huacha shamba ili kumuuguza, na mara nyingi ng'ombe au kipande cha msitu wa familia huuzwa. Rahisi ikimgharimu mtu mguu, huwa ghali kuliko vyote vilivyokuwa dukani.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya vifo tisa kati ya kila kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ugonjwa wenye takwimu kama hizo ungekwisha kuwa na mpango wa taifa, siku ya chanjo na mabango katika kila zahanati. Ajali hazikupewa heshima hiyo ya kutisha kwa sababu zimezoeleka kuelezwa kwa maneno matatu: uzembe wa dereva.

Maneno hayo mara nyingine ni ya kweli, lakini hufunga mjadala upesi mno. Katika miaka ya 1960 daktari wa Marekani, William Haddon, aliyekuja kuongoza wakala wa kwanza wa serikali ya nchi yake wa usalama wa barabara kuu, alifundisha kuitazama ajali kama tabibu atazamavyo maradhi. Aliigawa katika nyakati tatu, kabla, wakati na baada, na katika kila wakati akauliza habari za binadamu, za chombo na za mazingira. Kwa jedwali hilo, tairi kipara lina nafasi yake kamili: ni kisababishi kinachohusu chombo, kilichokuwapo kabla, na kinachozuilika. Dereva aliyeshindwa kusimama hajaondolewa lawama, ila sasa hasimami peke yake kizimbani. Yuko pamoja naye mwenye gari aliyeambiwa mara tatu kwamba matairi yamekwisha, akajibu, "Malizia wiki hii kwanza." Dereva wa kuajiriwa huendesha matairi ambayo hakuyachagua, na akikataa, yupo mwingine anayesubiri funguo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikukusudia magari mabovu yawepo barabarani. Mkazo wa utekelezaji wake unapaswa kumfikia anayelipia tairi, si anayelishikia usukani tu.

Hatua za kuanzia hazihitaji wafadhili. Kila gari la wagonjwa liwe na kadi ya matairi kama mgonjwa alivyo na faili: tarehe ya kutengenezwa, siku ya kufungwa, kina cha mifereji, na upepo uliopimwa kila asubuhi kabla ya safari ya kwanza. Kadi hiyo ikaguliwe na mganga mfawidhi katika siku ileile anayokagua karatasi ya friji ya chanjo. Tairi liingizwe kwenye makisio ya mwaka pamoja na dawa muhimu, na libadilishwe kabla ya masika, si baada ya ajali. Dereva wa hospitali apewe haki ya kuandika, kwa jina lake na bila kuogopa, kwamba gari halifai. Na majeruhi wa ajali wanapopokelewa, pale hali inaporuhusu, fomu iulize pia habari za chombo walichopanda, ili baada ya miaka michache hospitali za Njombe ziweze kusema kwa ushahidi wao wenyewe kinachowavunja watu wao.

Abiria naye ana kipimo kisicho na gharama. Njiti ya kiberiti ina unene wa takribani milimita 2. Ikilazwa ndani ya mfereji wa tairi na ikaonekana imechomoza juu ya kashata, tairi hilo limekaribia mwisho au limeupita. Anayesubiri basi katika stendi ya Makambako ana muda wa kutosha wa kuinama mara moja. Atachekwa siku ya kwanza. Siku ya pili wataungana naye wawili, na siku ambayo abiria kumi watakataa kupanda, mwenye basi ataelewa lugha ambayo mabango hayajaweza kumfundisha.

Elimu yote hiyo, hata hivyo, itakosa nguvu ikiwa itatolewa na hospitali ambayo gari lake lina matairi vipara mbele ya macho ya wananchi. Hakuna anayeshawishiwa kunawa mikono na muuguzi mwenye mikono michafu. Kwa hiyo kazi ianzie uani, mchana, kwa njiti ya kiberiti na kalamu. Sakitu ya Juni itarudi, na mvua itaifuata. Simu ya usiku italia tena, na mama mwingine atabebwa kwenye machela hadi kwenye gari. Anayo haki ya kujua kwamba wale waliochunguza tarehe ya dawa iliyo kwenye mshipa wake wameichunguza pia tarehe ya tairi lililo chini yake.